Koki ya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili ni la binti yangu Witness, alilibakisha alipomaliza shule. Mke wangu kachoka kunisikiliza nikilalamika, kasema niandike. Basi naandika.

Wale watu wa mkataba leo wametimiza miezi mitatu. Wako wawili. Injinia Hanifa, binti wa Abdulhamidi mwenye duka la vitambaa Singida mjini, na Raymond, fundi wake, mtu wa Manyoni. Halmashauri ya mji wetu wa Kisimatatu iliwachukua kwa muda baada ya soko kuungua mwaka jana, eti kitengo cha kinga ya moto hakina wataalamu. Kitengo ni mimi na bosi wangu Ignas, na kazi ya Ignas ni kusaini. Kwa hiyo asiye mtaalamu ni mimi.

Mkataba wao unaisha Agosti 31. Ignas kasema baraza la madiwani likiridhika, linawaongezea mwaka mzima. Wanachotakiwa kuonyesha ni mchoro wa mabomba yote ya kuzimia moto na koki zake. Mchoro huo haujawahi kuwepo. Miaka ishirini na moja mchoro ni mimi. Bomba likipasuka wananipigia simu, "Baba Witness, tunafunga wapi?" Nawaambia, hatua kumi kutoka ukuta wa kanisa, toa udongo kidogo, utakuta mfuniko. Sasa nimeagizwa niwatembeze hawa wawili, niwamwagie kichwa chote, halafu nikae kwenye kiti nisubiri kustaafu.

Jumatano, 5 Juni

Tumetembea tangu saa mbili asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Leo tunaanzia wapi?"

"Popote. Wewe ndiye injinia."

Raymond kacheka, Hanifa hakucheka. Kila koki anapiga picha, anaandika kwenye kishikwambi chake, Raymond anapaka rangi ya njano juu ya mfuniko. Mimi nilikuwa nazijua bila rangi. Jioni kaniuliza, "Baba, leo umetuonyesha ngapi jumla?" Nikasema kumi na tatu. Kaandika kumi na tatu, kapiga mstari chini.

Ziko kumi na nne. Ya mwisho iko mtaa wa mashine za kukamua alizeti, nyuma ya mashine ya Stumai, na juu yake wamepanga magunia. Sikuitaja. Sikudanganya pia, aliuliza nilizomwonyesha. Koki yenyewe iko wazi, maji yanapita, haimdhuru mtu. Ni ya kwangu tu. Mtu lazima abaki na kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Upepo. Vumbi mpaka kwenye ugali.

Jumanne, 11 Juni

Alizeti zimeanza kuingia. Malori ya Mungaa na Kinyangiri yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Mji mzima unanuka mafuta.

Alhamisi, 13 Juni

Hanifa kaleta fomu, kila aliye kwenye kitengo ajaze. Kuna mahali pa elimu. Nikaandika darasa la saba, ufundi bomba mwaka mmoja. Raymond kachungulia begani kwangu.

"Mzee, hapo kwenye uzoefu andika tangu mkoloni."

"Nitaandika tangu baba yako anapeleka posa."

Watu wa ofisi ya pili wamecheka sana. Hanifa kasema, "Raymond, mwombe baba radhi." Kaomba. Kuombewa radhi na msichana kama mtoto aliyepigwa shuleni, hilo ndilo lililoniuma, kuliko ule utani.

Jumanne, 18 Juni

Jana ilikuwa Idi. Leo Hanifa kaja na pilau kwenye hotipoti, ya kwao. Sikutaka kula. Nimekula mara mbili.

Alasiri kaenda kwa Stumai kumwambia mashudu yasirundikwe yakiwa moto, yatandazwe kwanza yapoe, kwa sababu yale makapi ya alizeti yana mafuta na yakirundikwa yanajipika yenyewe ndani kwa ndani. Stumai kamjibu, "Mwanangu, nimeanza kukamua wewe hujazaliwa. Mashudu yangu hayajawahi kumuunguza hata panya." Hanifa kanigeukia nimuunge mkono. Nikatazama malori.

Alhamisi, 27 Juni

Leo ndiyo leo. Kamati ya madiwani imekuja mtaa wa mashine kuona majaribio. Pale kando ya barabara lipo bomba jekundu la kuunganishia mpira wa zimamoto, na Hanifa aliwaambia likifunguliwa maji yatafika paa la ghorofa. Wamejaa watu. Wapakiaji wamekaa juu ya magunia kama wako uwanjani.

Raymond kafungua. Bomba limekohoa, likatema kutu nyekundu kiasi cha kikombe, likanyamaza.

Diwani mmoja kasema, "Injinia, hili limepiga miayo. Labda tulilishe." Kicheko. Mpakiaji mmoja juu kule kasema, "Litemeeni mate, lisaidieni." Hanifa kasimama na kishikwambi chake kifuani.

Ignas kanigeukia mbele ya Hanifa. "Baba Witness, kuna koki yoyote huku ambayo haimo kwenye orodha?"

"Hakuna."

Nimerudi nyumbani nikala vizuri.

Ijumaa, 28 Juni

Nimelala kama mtoto.

Jumanne, 2 Julai

Hanifa kaja mezani kwangu, kavuta stuli.

"Baba, nimepima. Presha inafika mpaka kona ya mashine halafu inakufa. Kuna kitu pale katikati."

"Kutu. Mabomba ya zamani."

"Kutu haizibi bomba la inchi sita lote."

"Basi wewe unajua."

Kasema polepole, "Mkataba ukiisha na hili bomba limekufa mkononi kwangu, jina langu limekufa nalo. Kazi za moto nchi hii tunajuana wote. Kama kuna kitu unakumbuka, niambie hata kesho."

Nikamwambia nikikumbuka nitamwambia. Alipoondoka nikasema moyoni, jina langu nani alilichunga?

Jumatatu, 8 Julai

Hakuna kitu. Baridi asubuhi, upepo mchana.

Jumatano, 10 Julai

Hanifa na Raymond wamesukuma maji kwa pampu tangu asubuhi wakisafisha bomba lisilo na uchafu. Nimewapita mara mbili na baiskeli. Mara ya pili Raymond hakunisalimia.

Jumanne, 16 Julai

Ignas kasema madiwani wengi hawataki kuongeza. Wanasema kama ni kutema kutu, hata mzee wetu angeweza. Mzee wetu ndiye mimi. Nilifurahi. Naandika ili nisije kusema baadaye kwamba sikufurahi.

Jumamosi, 20 Julai

Siku mbili nimelishika daftari hili nikalirudisha kabatini. Leo naandika yote.

Alhamisi saa nne asubuhi mashudu ya Stumai yalianza kufuka. Lilikuwa rundo refu kuliko kichwa cha mtu, limeegemea ukuta wa stoo, na stoo ina mafuta kwenye mapipa. Wapakiaji, badala ya kuliacha, wakalichimbua kwa sepeto waone moshi unatoka wapi. Hewa ikaingia. Likawaka mbele yao kama jiko la mkaa linalopepewa.

Mimi nilikuwa karibu. Hanifa na Raymond walifika na pikipiki. Hanifa akapiga simu boza la maji lije, likawa limepeleka maji shuleni, kurudi ni dakika arobaini. Akakimbilia lile bomba jekundu, akafungua, akijua kabisa halina kitu. Alilipiga teke. Halafu akaanza kupanga watu mstari wa ndoo kutoka kisimani.

Raymond alipanda juu ya rundo upande usiowaka, avute magunia yaliyokuwa yanashika moto kuelekea stoo. Kwa juu rundo lilikuwa limekauka gumu, unaweza kudhani ni ardhi. Ndani lilikuwa jivu na moto. Pakabonyea. Mguu wa kushoto ukazama mpaka goti. Alivyolia sitaandika. Wapakiaji wawili walimvuta kwa mikono, na kiatu kikabaki ndani.

Sasa lile langu. Ufunguo wa koki ulikuwa kwenye baiskeli yangu. Ni chuma kirefu chenye umbo la T, nautembeza kila siku, bila huo koki haigeuki. Koki ilikuwa hatua thelathini kutoka niliposimama, chini ya magunia ambayo watu sita wangeyatoa kwa dakika tano. Nilifungua kamba ya baiskeli. Nilishika ule ufunguo. Nikawaza, nikiifungua sasa, wote wataniuliza mbona siku ile ulisema hakuna. Nikaufunga tena kwenye baiskeli. Nikachukua ndoo.

Hiyo ilikuwa kabla Raymond hajapanda.

Nimebeba ndoo mpaka viganja vimechubuka. Boza lilipofika, stoo ilikuwa imeungua paa na mapipa mawili. Stumai, kaungua nyusi, akanishika mkono mbele ya watu, akasema, "Wazee ndio hawa. Hawa wa vishikwambi wametuletea nini?" Watu wakaitikia. Nikaitikia na mimi kwa kichwa.

Na kuna jingine. Tarehe 5 Juni niliandika humu kwamba koki iko wazi. Ni uongo, nimejiandikia mwenyewe uongo kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Niliifunga Januari nikitengeneza kiungo kilichovuja. Nilisahau kuifungua. Machi, hawa watu walipokuja, nikakumbuka. Nikaiacha.

Jumatatu, 22 Julai

Raymond yuko hospitali. Daktari kakata vidole vitatu vya mguu. Yeye ni wa mkataba, siku asizofanya kazi hazihesabiki.

Jumapili, 28 Julai

Sijaenda meza ya Bwana. Watu wameona.

Jumatano, 31 Julai

Nimepita kwa mchungaji. Nikamwambia nina dhambi ya kazini, nataka kutubu. Kaniuliza dhambi gani. Nikasema wivu. Kasema wivu ni ugonjwa wa wengi, Jumapili ya tarehe kumi na moja wanarudishwa watu kundini, niwemo.

Jumatano, 7 Agosti

Upepo umezidi. Mbele ya mashine ya Stumai wameanza rundo jingine la mashudu. Kila nikipita naangalia kama linafuka.

Jumapili, 11 Agosti

Tumesimama mbele watatu. Binti aliyezaa kabla ya ndoa, mwanaume aliyerudi kwa mkewe, na mimi. Yule binti kalia, maana kosa lake lilikuwa mgongoni limefungwa kwa kanga na kila mtu analiona. Langu hakuna aliyeliona. Tukaungama kwa maneno ya kitabu, mchungaji katuwekea mikono, kwaya ikaimba, watu wakapanga mstari kutushika mikono. Mzee mmoja kanikumbatia.

Mchana mke wangu Leah kapika kuku. Tukala. Wakati ananinawisha mikono kaniuliza.

"Baba Witness, umetubu nini?"

"Wivu."

"Wivu ndiyo umekukondesha hivyo? Mbona mimi nina wivu na nimenenepa?"

Sikucheka. Akaona. Akaketi. Nikamwambia yote, la koki, la ufunguo, la ndoo. Akanisema kwa Kinyaturu, maneno ambayo mama yangu angeyatumia, sitayaandika. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili.

"Umeungama kwa Mungu, ambaye alikuwa pale anakuona. Na yule injinia, mtoto wa watu?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, mama Witness."

"Usile kuku wangu tena mpaka umemwambia."

Aliondoa sahani.

Jumatatu, 19 Agosti

Ugali na mlenda, siku ya nane. Sijamwambia.

Jumanne, 20 Agosti

Ignas kaniita, kafunga mlango. Baraza ni Ijumaa. Kaniwekea karatasi imeshachapwa. Inasema mimi, mtumishi mwenye uzoefu, niliwaonyesha wataalamu wa mkataba koki zote, na kushindwa kwa bomba la mtaa wa mashine ni uzembe wao wa kutopima mapema. Na kwamba ajali ya fundi Raymond ni yeye mwenyewe kutofuata taratibu.

"Saini hapa chini tu," kasema Ignas. "Wakiondoka, nafasi ya msimamizi nimekuombea wewe. Mtu wa hapa."

Miezi miwili iliyopita ningeisaini kwa kalamu yangu mwenyewe. Nikaisoma mara mbili. Ile sentensi ya Raymond ndiyo iliyonishinda. Nikasema nitaisoma nyumbani.

"Kuna nini cha kusoma? Si unajua kilichotokea?"

"Ninajua," nikasema.

Jumatano, 21 Agosti

Nimemkuta Hanifa ofisini anaweka vitu vyake kwenye boksi. Akasema shikamoo bila kunitazama. Sikuitikia. Nilimwambia, iko koki ya kumi na nne. Nilimwambia niliifunga mimi, na siku ya majaribio nilijua, na siku ya moto nilikuwa na ufunguo.

Nilidhani atapiga kelele. Aliweka chini kikombe alichokuwa anakifunga gazeti.

"Siku ya moto ulikuwa na ufunguo."

"Nilikuwa nao."

"Mkononi."

"Mkononi."

"Kabla Raymond hajapanda au baada?"

"Kabla."

Alisukuma boksi pembeni. Halafu akasema, "Chukua huo ufunguo. Twende."

"Sasa hivi pana watu wengi, labda jioni..."

"Twende."

Ilikuwa saa tano, soko la alizeti limejaa. Alitembea mbele, mimi nyuma na baiskeli. Kwa Stumai nikaonyesha mahali. Magunia sabini na kitu juu yake. Stumai hakuelewa, Hanifa akamwambia, "Mzee atakueleza akimaliza." Wapakiaji wakaanza kuyatoa, na walivyojua ni mimi nimesababisha kazi hiyo, maneno yakaanza. Mmoja kasema, "Huyu mzee kaficha mke mdogo humo chini?" Mwingine kasema, "Mke angeshapiga kelele, labda ni kadi yake ya chama." Nilibeba nao. Hakuna aliyenizuia.

Mfuniko ukaonekana. Nikaufungua, nikapiga magoti, nikaingiza ufunguo. Ilikuwa ngumu, nikazungusha mara kumi na saba mpaka ikagota. Hanifa alikuwa kwenye bomba jekundu. Maji yalitoka yakapita paa la ile stoo iliyoungua, yakaenda kumwagikia foleni ya malori upande wa pili. Watoto walikimbia kuoga. Watu walishangilia, kisha wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, kadiri walivyofikiri.

Stumai alikuja karibu.

"Hii ilikuwepo siku ile?"

"Ilikuwepo."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nikakushika mkono."

Aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye kanga, polepole, upande mmoja na wa pili, akarudi kwenye mashine yake.

Hanifa aliniambia niandike yote kwenye karatasi, kwa mkono wangu, na niipeleke mwenyewe kwa Ignas. Nimeandika. Ignas kaisoma amesimama. Kasema, "Wewe ni mjinga kuliko nilivyofikiri." Kweli.

Ijumaa, 23 Agosti

Baraza limesoma karatasi yangu kwa sauti. Walinisimamisha katikati ya ukumbi. Yule diwani wa miayo aliniuliza kama nina akili timamu. Wamemwongezea Hanifa mwaka mmoja. Raymond naye kaongezewa, ataanza akipona. Mimi nimesimamishwa kazi, nitaitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Leah kapika kuku. Aliweka sahani mbele yangu.

Jumanne, 27 Agosti

Nimeenda kwa Raymond, wamempangishia chumba karibu na hospitali. Dada yake kanifungulia. Raymond alikuwa amelaza mguu juu ya mto.

Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akasema, "Umeshasema?"

"Nimesema."

"Haya."

Nikangoja. Akasema, "Mzee, ukitaka nikuambie nimekusamehe, utakaa hapo mpaka kesho. Nenda."

Dada yake alinifungia mlango kwa upole, na huo upole ndio nimeutembea nao mpaka nyumbani.

Jumapili, 1 Septemba

Kanisani hakuna aliyekaa benchi langu isipokuwa Leah.

Jumanne, 3 Septemba

Hanifa kamtuma mtu aniite. Alikuwa barabarani na vibarua wawili, sururu na sepeto. Hakusema shikamoo. Alisema, "Twende tukague zote upya," basi.

Tumetembea koki zote kumi na nne. Kwa kila moja ananiuliza, wazi au imefungwa? Nikijibu anampa kibarua ufunguo, azungushe, ahakikishe. Nilijibu sawa zote. Hakuna aliyesema nimejibu sawa.

Saa tisa tukafika nyuma ya ghala la zamani la pamba. Akatazama mchoro, akatazama ardhi. Mchoro wake ni mzuri, lazima niseme. Mistari ninayoijua kwa miguu nimeiona kwa macho kwa mara ya kwanza.

"Hapa katikati kuna koki?"

"Hapa hakuna. Bomba linapita moja kwa moja mpaka reli. Nililaza mwenyewe."

Akamgeukia kibarua. "Chimba."

Wamechimba mpaka kiunoni. Bomba limeonekana, linapita moja kwa moja. Akawaonyesha mita tatu mbele, wachimbe na pale. Jua lilikuwa kali, udongo wa huko ni mgumu kama tofali. Kibarua mmoja akasimama, akafuta jasho, akasema, "Injinia, mzee si kasema hakuna?"

"Nimemsikia," akasema, na akawaonyesha mahali pa tatu.